John Peel na Santuri Zake

Ijumaa ya tarehe 12 Novemba 2004, watu zaidi ya elfu moja walikusanyika katika kanisa kuu la mji wa Bury St Edmunds, mashariki ya Uingereza, kumuaga mtangazaji wa redio. Jeneza lilipokuwa likitolewa, kanisa lilijaa sauti ya magitaa makali. Haukuwa wimbo wa dini wala wa maombolezo. Ulikuwa wimbo wa dakika mbili na nusu, uliorekodiwa mwaka 1978 na vijana watano wa mji wa Derry, nao unasimulia habari za kijana anayemtamani msichana. Marehemu alikuwa amesema mara nyingi kwamba katika maelfu ya nyimbo alizosikia duniani hakuna aliyoipenda kuliko huo.

Marehemu huyo aliitwa John Peel. Hakuwa mwanamuziki. Kwa muda wa miaka 37 katika redio ya BBC kazi yake ilikuwa kusikiliza santuri, na alipopata nzuri, kuwaita wenzake waje wasikie. Kazi hiyo yaonekana nyepesi, na wako wengi waliodhani wanaweza kuifanya. Lakini wengi hao walisubiri kwanza kuambiwa ni santuri gani inayopendwa. Peel hakusubiri.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa John Robert Parker Ravenscroft. Alizaliwa Heswall, karibu na Liverpool, tarehe 30 Agosti 1939, siku nne tu kabla ya Uingereza kuingia vitani. Baba yake, mfanyabiashara wa pamba, alikwenda jeshini kama wengine, na mtoto hakupata kumjua hasa baba yake mpaka alipokuwa na umri wa miaka sita. Jamaa za askari hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Wanamjua mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama, na mtu mwenye mkoba begani anayesimama mlangoni asijue amwite vipi mwanawe.

Katika shule ya bweni ya Shrewsbury kijana huyo hakung'ara. Mwalimu aliyesimamia bweni lake aliandika katika ripoti kwamba huenda siku moja akajipatia riziki, riziki ya kutisha, kutokana na mapenzi yake ya santuri zisizosikilizika na furaha yake ya kuandika insha ndefu za mizaha. Mwalimu alikuwa akitania kwa kukata tamaa. Kumbe alikuwa akitabiri.

Mapenzi yenyewe ya roki yaliletwa na kipindi cha askari. Siku hizo BBC ilikuwa na kipindi cha Jumapili mchana kilichopeleka salamu na nyimbo baina ya jamaa waliobaki nyumbani na askari wao waliokuwa Ujerumani. Humo ndimo alimosikia, mwaka 1956, sauti ya Elvis Presley katika wimbo "Heartbreak Hotel". Alikuja kusema baadaye kwamba ilikuwa kana kwamba kiumbe wa sayari nyingine ameingia mlangoni bila nguo na kutangaza kwamba atakaa naye maisha yake yote. Na kweli kiumbe huyo hakuondoka.

Toka mwaka 1957 hadi 1959 alitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria, katika kikosi cha mizinga, akiwa mwangalizi wa rada. Hakuna ushujaa uliosimuliwa juu ya miaka hiyo miwili. Mwaka 1960 akaenda Marekani, katika jimbo la Texas, kujifunza biashara ya pamba kwa watu waliofahamiana na baba yake. Pamba ikamchosha, akauza bima, na bima nayo ikamchosha.

Alikuwa mjini Dallas tarehe 22 Novemba 1963, siku aliyouawa Rais Kennedy. Usiku ule ule alikwenda katika makao makuu ya polisi, akajitambulisha kuwa mwandishi wa gazeti la Liverpool Echo, akaruhusiwa kuingia katika chumba ambamo mtuhumiwa, Lee Harvey Oswald, alioneshwa kwa waandishi. Filamu ya usiku huo ipo, na Peel anaonekana ndani yake, kijana wa pamba na bima asiye na kitambulisho chochote cha uandishi. Jack Ruby, ambaye siku mbili baadaye alimpiga Oswald risasi ndani ya jengo lile lile, naye alikuwamo chumbani usiku huo. Askari polisi wasomao habari hii watajua wenyewe la kusema juu ya ulinzi wa namna hiyo.

Mwaka uliofuata bahati ikamgeukia. Vijana wa Marekani walikuwa wameshikwa na wazimu wa Beatles, na yeyote aliyetoka Liverpool alionekana kama jamaa yao wa damu. Lafudhi ya Peel ilikuwa ya shule za matajiri, lakini sikio la Texas halikutofautisha. Stesheni ya KLIF ikampa nafasi ya kuzungumza kama bingwa wa habari za Beatles, na kutoka hapo akapata kazi za utangazaji Oklahoma na California.

Aliporudi Uingereza mwaka 1967 alijiunga na Radio London, mojawapo ya stesheni zilizotangaza kutoka melini, nje ya mpaka wa bahari wa Uingereza, ambazo watu waliziita redio za maharamia. Hapo ndipo alipopewa jina la Peel, kwa ushauri wa karani mmoja wa ofisini. Alipewa zamu ya saa sita hadi saa nane usiku, zamu asiyoitaka mtu. Haukupita muda akagundua kwamba saa hizo wakubwa wake hawasikilizi. Basi akaacha matangazo ya biashara, akaacha orodha ya nyimbo alizoamriwa kupiga, akaanza kupiga alizozipenda yeye na kusoma barua za wasikilizaji. Sheria mpya ilifunga stesheni hiyo tarehe 14 Agosti mwaka huo. BBC ilipoanzisha Radio 1 tarehe 30 Septemba 1967, ili kuwapa vijana mbadala wa maharamia, Peel alikuwa miongoni mwa watangazaji wa kwanza. Wenzake wa siku hiyo waliondoka mmoja mmoja. Yeye alibaki mpaka kufa.

Wakati huo ulikuwapo mkataba uliowekea mpaka saa ambazo BBC iliruhusiwa kupiga santuri za biashara. Vyama vya wanamuziki viliogopa kwamba mashine ingewanyang'anya wapigaji kazi. Kwa hiyo BBC ililazimika kuwaita wapigaji wenyewe studioni. Bendi iliingia asubuhi na vyombo vyake, ikarekodi kwa kawaida nyimbo nne, zikasawazishwa sauti siku hiyo hiyo, na usiku ikaondoka na malipo yake. Watangazaji wengine waliona sharti hilo kuwa mzigo. Peel na mkuu wa kipindi chake, John Walters, waliona humo mlango. Kama BBC lazima ilipe bendi, kwa nini isilipe ile ambayo bado haina hata santuri moja?

Walters, aliyefanya kazi naye toka 1969 hadi 1991, alipenda kusema kwamba urafiki wao ni kama wa mtu na mbwa wake, ila kila mmoja wao aliamini kwamba mwenziwe ndiye mbwa. Kwa mwendo huo zilirekodiwa zaidi ya safari 4,000 za studio, za wapigaji zaidi ya 2,000. Jimi Hendrix alipita hapo, na David Bowie, na Joy Division, na The Smiths. Bendi ya The Fall ya Manchester, ambayo Peel aliipenda kupita zote, iliitwa mara 24. Yako masikio mengi mazuri yaliyoshindwa kabisa kuelewa alichokuwa akisikia katika The Fall, na Peel hakuwalaumu wenye masikio hayo.

Kanda nyingi zilimfikia kwa posta, na nyingine alitiwa mkononi. Mwaka 1981, alipokwenda Sheffield kupiga santuri katika dansi ya wanafunzi, mvulana wa shule aitwaye Jarvis Cocker alimpa kanda. Peel aliisikiliza, akaiita bendi yake, Pulp, studioni. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla ya nchi nzima kuijua Pulp. Mtu anayetafuta sifa ya kuona mbali hangependa kungoja muda huo wote, lakini hakuna dalili kwamba Peel alikuwa akihesabu.

Kipimo chake kikubwa kilikuja mwaka 1976. Kufikia hapo alikuwa amejenga jeshi la wasikilizaji waliozoea vipande virefu vya magitaa na vinanda. Mwaka 1973 alikuwa amepiga santuri nzima ya Mike Oldfield, "Tubular Bells", mwanzo hadi mwisho, karibu dakika hamsini. Kisha akapata santuri ya Ramones wa New York, nyimbo za dakika mbili mbili, nyuzi chache, kelele tupu kwa sikio lililozoea utulivu. Akaipiga hewani. Barua za hasira zikamiminika: wasikilizaji wake wa siku zote wakamwomba asirudie tena uchafu huo. Akarudia. Wengi wakamhama, na wengine, wadogo kwa umri, wakaja. Mwenyewe alisimulia kwamba umri wa wasikilizaji wake ulishuka kwa miaka kama kumi. Alikuwa na miaka 37 wakati huo. Mpenzi wa muziki kwa kawaida huzeeka pamoja na santuri zake, akaamini kwamba nyimbo nzuri zilikoma mwaka aliooa. Kuacha umati uliokwisha kukupenda, kwa ajili ya sauti ambayo hujui itafika wapi, ni jambo ambalo wachache katika kazi yoyote hulithubutu.

Santuri ya vijana wa Derry ilimfikia miaka miwili baadaye. The Undertones walikuwa wamerekodi "Teenage Kicks" kwa fedha kidogo, na ilitolewa na mtu mwenye duka dogo la santuri mjini Belfast. Ireland ya Kaskazini ilikuwa katika miaka ya mauaji na mabomu. Askari wa Uingereza walipiga doria katika mitaa ile ile waliyokaa vijana hao. Wageni walitazamia kila wimbo utokao Derry uwe wa vita. Huu haukuwa na neno hata moja la vita. Peel alipoipiga, ilipokwisha hakutia nyingine: aliirudisha sindano mwanzo akaipiga tena, jambo ambalo watangazaji hawafanyi. Alikuwa na desturi ya kutia nyota kwenye santuri zake ili kuzipima, tano zikiwa nyingi. Hiyo aliitia 28. Mmarekani mmoja mwenye kampuni ya santuri, Seymour Stein, akaisikia redioni, na kwa muda mfupi vijana wale wakawa na mkataba.

Si katika roki pekee alikotafuta. Mwaka 1986 ilifika Uingereza bendi ya Zimbabwe iitwayo Bhundu Boys. Jina lao lilikumbusha vijana wa porini waliowasaidia wapiganaji katika vita vya ukombozi, na muziki wao ulikuwa wa magitaa mepesi, yaendayo mbio kama maji ya kijito. Peel na mtangazaji mwenzake, Andy Kershaw, waliwapigia debe usiku baada ya usiku, na Kershaw alisimulia kwamba Peel alipowaona jukwaani mara ya kwanza machozi yalimtoka. Mwaka 1987 Bhundu Boys walipiga katika uwanja wa Wembley, wakimtangulia Madonna. Misiba iliyowapata baadaye ni habari nyingine, tena ya huzuni. Bendi nyingine ya Zimbabwe, Four Brothers, Peel aliipenda kiasi cha kuialika ipige katika sherehe ya kutimiza kwake miaka 50. Mwingereza wa kijijini aliyekaa usiku akisikiliza magitaa ya Harare mara nyingi hakuelewa hata neno moja, lakini alijua kesho yake atauliza wapi dukani.

Askari wa nchi yake walikuwa na kipindi chao. Kwa miaka mingi Peel alirekodi vipindi kwa redio ya majeshi ya Uingereza, BFBS, vilivyosikika katika kambi zao za Ujerumani, na raia wa Ujerumani waliokaa karibu na kambi wakavinasa pia. Huko alipiga vile vile alivyopenda, bila kudhani kwamba mtu aliyevaa sare anataka nyimbo za gwaride tu.

Na yuko kijana aliyetoka jeshini kuja kwake. Billy Bragg alijiunga na jeshi la Uingereza mwaka 1981, akafundishwa katika kikosi cha vifaru, na baada ya miezi mitatu hivi akajinunua kwa pauni 175 akarudi uraiani na gitaa lake. Jioni moja mwaka 1983 alimsikia Peel akisema hewani kwamba ana njaa. Bragg akakimbia kununua biriani ya uyoga, akaipeleka mpaka mlango wa BBC pamoja na santuri yake mpya. Peel alikula, akaipiga santuri, ila kwa kasi isiyo yake. Alieleza kwamba angeipiga hata bila biriani. Kosa la kasi, la kupiga santuri ya mizunguko 45 kwa mizunguko 33, alilifanya mara nyingi hata wasikilizaji wakalizoea. Wengine walisema bendi fulani husikika vizuri zaidi hivyo.

Visa vya namna hiyo alivisimulia katikati ya nyimbo kama mtu aliyeketi barazani. Mwaka 1971 alionekana katika televisheni pamoja na Rod Stewart na Faces, ameketi juu ya kibao na mandolini mikononi, akijifanya kupiga, ilhali hajui hata kuishika sawasawa. Mke wake, Sheila, aliyemwoa mwaka 1974, alimwita hewani kwa jina la Nguruwe, kwa sababu ya kicheko chake, jina ambalo mume wa kwetu asingethubutu kulitamka na wakwe wakiwa karibu. Watoto wao wanne wote walipewa majina ya kati yanayotokana na timu ya Liverpool: wawili Anfield, mmoja Dalglish, mmoja Shankly. Nyumba yao katika kijiji cha Great Finborough ilijaa santuri: ndefu zaidi ya 25,000, ndogo kama 40,000, na kila santuri ndefu ina kadi yake aliyoipiga chapa mwenyewe. Miaka ya mwisho alitangaza kutoka humo nyumbani, na bendi zikaja kupiga hapo hapo. Toka 1998 aliendesha pia kipindi cha Jumamosi asubuhi, "Home Truths", kilichohusu mambo ya majumbani tu: watoto, wanyama, mazishi, ugomvi wa jikoni. Waliomjua kwa kelele za roki walistaajabu. Waliomsikiliza kwa makini waliona ni kazi ile ile, ya kumpa nafasi mtu ambaye hakuna aliyemwuliza.

Iko sehemu ya habari zake ambayo ukurasa usomwao na mama na binti hauwezi kuipita kimya. Mwaka 1965, huko Texas, Peel akiwa na miaka 26 alimwoa msichana wa miaka 15. Alisema baadaye kwamba alidanganywa juu ya umri. Ndoa hiyo ilivunjwa mwaka 1973. Katika mahojiano ya miaka iliyofuata alizungumzia wasichana wadogo waliomfuata kwa maneno mepesi mno. Na mwaka 2012, miaka minane baada ya kufa kwake, mwanamke mmoja alieleza hadharani kwamba mwaka 1969, akiwa na miaka 15, alikuwa na uhusiano naye. Peel hakuwapo kujibu. Wako waliosema hizo zilikuwa desturi za wakati ule. Mzazi mwenye binti wa miaka 15 hatakubali hoja hiyo, wala haifai aikubali. Sikio lake lilikuwa la pekee, na jambo hili nalo limo katika maisha yale yale.

Tarehe 25 Oktoba 2004, akiwa safarini na Sheila katika mji wa Cuzco, Peru, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 65. Alikuwa ameanza kuandika habari za maisha yake, na kalamu ilikuwa imemfikisha Texas tu. Sehemu iliyobaki iliandikwa na Sheila, na kitabu kikatoka mwaka 2005.

Miongoni mwa vitu alivyoviacha kulikuwa na sanduku dogo la mbao. Ndani yake mlikuwa na santuri ndogo zaidi ya 140, alizoziweka mbali na zile maelfu nyingine. Kadhaa ni za The White Stripes, ambao dunia nzima inawajua. Nyingine ni za watu ambao wapenzi wengi wa roki hawajapata kuwasikia hata jina.